Msimu wa Udi, Nyumba Hailii

Hajan alizaliwa siku ya mvua, na kwao hajan ni mvua, basi mama yake hakuhangaika kutafuta jina lingine. Alizaliwa katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo, karibu na pale mto unapoingia baharini, na maisha yake yote hakuhama nyumba ile. Kwa watu wa Champa, nchi ya kale ya mashariki ya mbali, mwanamke hahami. Ni mwanamume anayebeba mkeka wake na panga lake akaja kukaa kwa mke, na siku mambo yakiharibika anaubeba tena mkeka wake akarudi kwa mama yake.

Nchi yao ilikuwa nyembamba kama mkanda. Ukisimama juu ya mchanga asubuhi, milima unaiona mgongoni na bahari unaiona usoni, na katikati ndipo watu wote wanapolima, wanapooa na wanapokufa. Tena milima yenyewe haikutulia mahali pake. Kila baada ya mwendo fulani ilinyoosha mguu hadi majini, ikaikata nchi vipande. Kati ya mguu na mguu kulikuwa na mto, na kila mto ulikuwa na mkubwa wake, bandari yake na mungu wake. Mfalme alikuwa yule ambaye wakubwa wa mito mingine wamekubali kumsikiliza. Wakichoka kumsikiliza, wanaacha.

Mto wa Hajan ndio uliokuwa mto wa mfalme. Chini kabisa bandari, na nyumba za watu wadogo kama wao. Ukipanda na mtumbwi wa pondo unaufikia mji wa mfalme wenye kuta za matofali. Ukipanda zaidi, bonde la mungu, lenye hekalu la mbao na mlima wenye ncha ukilichungulia. Baada ya hapo ni msitu, na msitu hauna mwisho. Chumvi ilipanda mto, udi ukashuka. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya wanaume wa pale.

Bibi yake Hajan alikuwa mtoto mdogo wakati jeshi la kaskazini lilipokuja na kuvunja mji wa mfalme. Alikuwa akiwahadithia wajukuu huku akitafuna tambuu, mdomo mwekundu, bila kupandisha sauti.

"Waliwabeba miungu wetu wa dhahabu wakawayeyusha kama samli. Sisi tulikuwa kwenye matope, kwenye mikoko. Mama alinibana mdomo kwa kiganja nisilie. Alibana hata meno yangu mawili yakang'oka."

"Ukalia, bibi?"

"Ningeliaje? Mngekuwa hapa nyinyi?"

Tangu vita ile, mfalme alipeleka udi kaskazini kila baada ya miaka michache ili wale watu wasirudi. Kwa hiyo udi kwao haukuwa manukato tu. Ulikuwa ndio ukuta wa mji. Na kuupata si kazi nyepesi. Mti wa udi kwa nje ni mti tu kama mingine. Mpaka uwe umejeruhiwa miaka mingi nyuma, ukaoza ndani na kuugulia pale pale, ndipo moyo wake unakuwa mweusi na mzito na wenye harufu. Wanaume waliweza kuangusha miti mpaka mikono ikavimba wasipate kipande cha kujaza kiganja.

Kwa ajili hiyo msimu wa udi ulikuwa na miiko yake. Wanaume wakishaingia msituni waliacha lugha ya nyumbani. Moto waliuita mwekundu, shoka waliliita kigong'ota, na chui milia, ambaye ndiye mwenye msitu, walimwita Babu, tena kwa kunong'ona. Na wanawake nyumbani walikuwa na mwiko wao: moto wa jikoni usizimike, watu wasigombane, na kilio kisisikike. Mke akipandisha sauti huku, Babu anaamka kule. Hivyo ndivyo walivyoamini, mzee kwa kijana, na hapakuwa na nyumba ambayo haikuweza kukutajia mtu aliyeliwa kwa sababu ya ulimi wa mkewe.

Hajan aliolewa na Lawik, kijana mrefu wa upande wa pili wa mto, mcheshi, asiyejua kukunja uso. Wakapata mtoto mmoja wa kike, Anit. Mama yake Hajan alikuwa ameshakufa, na nyumba ilikuwa ya mdogo wake, Bangu, maana kwao kitinda mimba wa kike ndiye anayerithi nyumba. Bangu naye aliolewa, na mumewe aliitwa Kadit. Wote waliishi chini ya paa moja, jiko moja.

Mwaka huo Mkuu wa Udi, mzee aliyekuwa akiwaongoza wanaume msituni tangu baba yake alipomwachia kazi, aliwachagua Lawik na Kadit pamoja na wenzao. Asubuhi ya kuondoka Lawik alimnyanyua Anit, aliyekuwa na umri wa kuanza kuuliza kila kitu, akamweka begani.

"Baba, Babu ana meno?"

"Shh! Huyo hatajwi. Ana meno, lakini ni mzee, anakula uji."

"Usimdanganye mtoto," Hajan akasema.

"Wewe chunga ulimi wako, mke wangu. Nyamaza mpaka nirudi, halafu nitukane mpaka uchoke. Nitakaa hapo nikusikilize."

"Rudi kwanza."

"Nikikukuta umenyamaza, nitarudi. Ukigomba na mdogo wako, basi utanipikia uji na mimi, niko tumboni mwa Babu." Akacheka, na Mkuu wa Udi akamwangalia kwa jicho baya.

Siku za mwanzo wanawake waliugeuza mwiko kuwa mchezo, kama kila mwaka. Jirani yao Mama Patih, ambaye ulimi wake siku za kawaida ulikuwa kama wembe, alikuja mpaka chini ya ngazi akaanza kwa sauti tamu:

"Hajan, ua la mto wetu! Yule kuku wako mwenye baraka ameingia tena kwenye mpunga wangu. Ameniachia kidogo, Mungu ampe umri mrefu."

"Ahsante kwa kumkaribisha, dada yangu. Na mbuzi wako aliyekula nguo yangu ya sherehe, hajambo? Tumbo halimsumbui?"

"Hajambo kabisa. Anakusalimia."

"Wakirudi tutaongea."

"Wakirudi, mpenzi, tutaongea vizuri sana."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Bangu juu kwenye ukumbi akacheka zaidi, tumbo lake changa la mimba likitikisika.

Mvua kubwa zilikuwa bado. Asubuhi moja Hajan alipeleka mchele na maua hekaluni kumwombea mumewe, akamwacha Anit na Bangu. Aliporudi, jua likiwa limeshapanda, alikuta wanawake wamesimama ukingoni kimya, na Mama Patih ameingia majini mpaka kiunoni. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye nguo yake mwenyewe. Mguu mmoja ulikuwa umetoka nje ya nguo.

Hajan alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, mkono wa mwanamke ukaufunika. Hakujua ni mkono wa nani. Wengine wakamzunguka, wakamshika kiuno, wakamshika mabega. Wote walikuwa wake wa wanaume walioko msituni.

"Dada, tunakuomba," mmoja akasema sikioni mwake. "Tunakuomba. Mume wangu yuko kule."

"Na wa kwangu."

"Na wako, Hajan. Na Lawik. Mkumbuke Lawik."

Akaumeza ule ukelele. Mama Patih baadaye alisema aliuona ukishuka kooni kama mtu anayemeza jiwe.

Bangu alikuwa amekaa mchangani. "Niligeuka kuchota maji tu," alisema. "Niligeuka tu mara moja."

Jioni ile walimchoma mtoto, wakakusanya majivu katika chungu kidogo, na kulipokucha wakakipeleka mtoni. Kwa desturi yao watu hukata nywele na kulia njia nzima mpaka majini. Nywele walikata. Lakini kilio hakikuwepo. Walitembea wanawake wale wote, vichwa vitupu, wakisikia miguu yao wenyewe mchangani, na mtoto mmoja wa jirani akauliza kwa nini bibi hawa hawalii, akafinywa. Hajan alikiweka chungu majini, kikaelea kidogo, kikajaa, kikazama. Akarudi nyumbani akatia kuni jikoni.

Siku chache baadaye aliona kitu. Bangu alikuwa ameinama kuchambua mchele, na ndani ya nguo yake, shingoni, palikuwa na ushanga mwekundu wa jiwe, ule unaong'aa kama punje ya komamanga. Ushanga wa namna ile haukupatikana pale kijijini. Ulikuja na chombo cha wafanyabiashara wa magharibi, na chombo kile kilitia nanga asubuhi ile ya msiba na kuondoka na maji kupwa mchana ule ule. Hajan alikiona mwenyewe akirudi kutoka hekaluni.

Basi Bangu hakugeuka kuchota maji. Alikwenda chomboni kutazama shanga.

Hajan alisimama pale mlangoni. Maneno yalimjia yote pamoja, mabaya, ya kuua. Akamwona Lawik katikati ya miti, na kigong'ota mkononi, mgongo wake wazi. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mchele una mawe," akasema. "Uchambue vizuri."

Bangu akainua kichwa. Akaona dada yake anatazama wapi, akapeleka mkono shingoni, na uso wake ukabadilika.

"Dada."

"Una mawe, nimesema."

Kuanzia hapo nyumba ile ilikuwa na amani ambayo sijui niiite nini. Walikula sahani moja. Walilala mkeka kwa mkeka. Hajan alimkanda mdogo wake miguu ilipovimba, kwa sababu mwenye mimba hukandwa, na kuacha kumkanda kungekuwa ugomvi. Bangu alizidi kukonda huku tumbo likizidi kukua. Siku moja, wamekaa jikoni, alimshika dada yake mkono akalipiga nao shavu lake mwenyewe.

"Nipige. Nitukane, dada yangu. Nitemee mate. Nakuomba kwa jina la mama."

Hajan akauondoa mkono wake taratibu.

"Moto umepungua," akasema. "Ongeza kuni."

Alikuwa anamwombea Lawik asubuhi na jioni. Hakuomba mali, hakuomba mtoto mwingine. Aliomba arudi tu, amkute, na wakae chini wote wawili wamlilie Anit kwa sauti. Alishaipanga siku hiyo moyoni mwake: atakavyomshika mkono kabla hajauliza mtoto yuko wapi, atakavyompeleka mpaka pale chungu kilipozama. Ndipo alipokuwa anaishi, katika siku hiyo. Huku alikuwa anapita tu.

Mitumbwi ilishuka mawingu ya masika yakiwa yameshakaa juu ya milima. Wanawake walikimbilia ukingoni wakasimama kwa mstari, kimya, kama ilivyo desturi mpaka Mkuu wa Udi akanyage mchanga. Hajan alitazama mtumbwi wa kwanza, na wa pili. Akamwona Kadit. Pembeni ya Kadit palikuwa na nafasi, na mkeka wa Lawik umekunjwa.

Mkuu wa Udi alishuka. Udi ulikuwepo, tena mwingi, mweusi, wa kuzama majini, miaka mingi haujaonekana kama ule. Mtu wa mfalme alikuwa anausubiri, akaupokea, akaondoka nao. Hakuna aliyeutazama.

"Babu amemchukua Lawik," mzee akasema. "Alikuwa katikati yetu, si mbele, si nyuma. Amewapita wote akamchukua yeye. Tumemfunika kwa mawe kule juu. Sasa naiuliza nyumba yake: nani amepandisha sauti?"

Wanawake wakamgeukia Hajan.

"Nyumba iliyovunja mwiko, mtu wake haletwi," mzee akaendelea, na hakusema kwa ukatili, alisema kama mtu anayesoma hali ya maji. "Atabaki na Babu. Nyumba iliyotunza, tutarudi kabla ya mafuriko tumchome kule, tumlete kwenye mto wake. Hajan, mwanangu, ulilia?"

Mwanamke mmoja aliyesimama nyuma alisema, "Alifiwa na mtoto, Baba Mkuu. Mama gani hatalia?"

Kadit akageuka. "Mtoto gani?"

"Anit amekufa maji."

"Hakulia!" Mama Patih akadakia. "Mimi ndiye niliyemtoa mtoto majini, na nilikuwa namtazama mama yake. Hakulia. Nyinyi ndio mliomziba mdomo, mmesahau leo?"

"Mchana hakulia. Usiku wewe ulilala naye?"

"Wee! Wanaume wamesharudi, mimi ulimi wangu umefunguliwa, usinichokoze."

"Nyamazeni," mzee akasema. "Hajan?"

Hajan alitaka kujibu. Alitaka kusema, nimetunza, niletee mume wangu. Lakini sauti ilikuwa imezoea kumezwa, haikujua tena kupanda. Alitikisa kichwa tu, na mtu anayetikisa kichwa tu mbele ya watu huonekana ana jambo. Watu wakaanza kutazamana. Mkuu wa Udi akashusha macho.

"Nani analala naye?"

"Mimi," Bangu akasema.

Alitoka kwenye mstari, tumbo mbele, akasimama karibu na maji.

"Sema. Aligombana? Hata na wewe?"

"Hakugombana na mimi."

"Hata neno moja?"

"Hata neno moja. Na alikuwa na haki." Bangu akavuta ushanga kutoka ndani ya nguo, uzi ukakatika, akaunyoosha mkono ili wote waone. "Sikwenda kuchota maji. Nilikwenda chomboni kutazama shanga hizi. Nilimwacha Anit ukingoni nikamwambia asisogee. Dada yangu ameshajua tangu siku zile za msiba, na hakuniambia kitu. Amenikanda miguu. Nilimwomba anitukane, hakunitukana. Kama kuna nyumba iliyotunza mwiko hapa mtoni, ni yake. Mleteni Lawik."

Kadit alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayemtazama mgeni. Halafu akapanda ngazi ya nyumba, akatoka na mkeka wake na panga lake, akapita katikati ya watu, akaenda zake kwa mama yake. Watu wote wakamgeukia Hajan, maana yeye ndiye aliyekosewa, na yeye peke yake angeweza kumwita arudi. Hakumwita. Mungu ndiye anayejua kama hakutaka au hakuweza.

Mkuu wa Udi alitimiza ahadi. Walirudi juu na mvua ya kwanza, wakamchoma Lawik pale alipolala, wakamleta katika chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Msimu ulikuwa umekwisha, mwiko umefunguliwa, na kijiji kizima kilikuja mtoni kulia. Walilia kweli kweli, walimlilia Lawik na mtoto wake pamoja, na wanawake wale waliomziba mdomo ndio waliolia kwa sauti zaidi. Hajan alikiweka chungu pale pale alipokiweka cha Anit. Watu wakanyamaza kidogo wamsikie yeye. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Aliufunga, akaufungua tena, kama samaki aliyetolewa majini, na ndipo Bangu alipoanguka kwenye matope nyuma yake akapiga ule ukelele kwa niaba yake.

Hajan aliishi miaka mingi baada ya hapo. Bangu alijifungua mtoto wa kike wakati wa mafuriko, maji yakiwa chini ya sakafu, na mikono iliyompokea ilikuwa ya Hajan. Kadit hakurudi. Wafalme walibadilika katika mji wa matofali, udi ukaendelea kwenda kaskazini, na ule uliomuua Lawik bila shaka ulichomwa jioni moja katika nyumba ya mtu ambaye hakujua mto wao unaitwaje. Kila msimu, wake wachanga walipokuwa na hasira kifuani, walikuja kukaa jikoni kwa Hajan. Hakuwaambia lolote. Aliwasogezea kuni.

Siku moja, mtoto wa Bangu akiwa ameshakuwa msichana wa kupika, aliunguza wali. Chungu kizima, mweusi mpaka juu. Bangu akaanza kumfokea, na msichana akageuka kumtazama mama mkubwa ili amtetee, kama kawaida. Hajan alikuwa amekaa na mwiko wa kupikia mkononi, akiutazama wali ule, na uso wake wote ulikuwa maji. Halafu sauti ikatoka. Mwanzo ilikuwa ndogo, kama mlango unaokwaruza, kisha ikawa kubwa, mpaka Mama Patih, mzee na kiziwi nusu, akaja mbio na mkongojo wake kuuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," msichana akasema, akilia naye kwa woga. "Nimeunguza wali tu."

Bangu akaacha kufoka. Alikwenda akakaa chini karibu na dada yake, si karibu sana, na akakaa hapo mpaka kilio kilipokwisha. Moto wa jikoni ukazimika, na siku hiyo hakuna aliyeinuka kuuwasha.